Duka la mtandaoni la korosho na vinyago, Mtwara: fundi mmoja anasema MongoDB, mwingine PostgreSQL. Nimsikilize nani?

MpingoMweusi (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.

Nipo Mtwara mjini. Nauza korosho zilizobanguliwa, vinyago vya mpingo na vitenge. Mpaka leo biashara yote iko WhatsApp na Instagram: mteja anaona picha, anauliza bei, analipa kwa simu, nafunga mzigo unapanda basi. Wateja wengi ni wa Dar, wachache Dodoma na Arusha, na mara mojamoja anatokea mtu wa nje anayetaka kinyago.

Sasa nataka duka la mtandaoni linalojitegemea, mtu achague, alipe, apate risiti hata mimi nikiwa nimelala. Nimeongea na mafundi wawili. Wa kwanza kijana mdogo, mchangamfu, anasema tutumie MongoDB kwa sababu bidhaa zangu hazifanani na "mambo ya majedwali yamepitwa na wakati". Wa pili anasema PostgreSQL na hataki kusikia kingine. Kila mmoja akimtaja mwenzake anacheka kidogo puani. Mimi mlipaji nimebaki katikati.

Bidhaa zenyewe ziko hivi. Korosho zina daraja (W240, W320, vipande), uzito wa pakiti, na kama zimekaangwa kwa chumvi au la. Kitenge kina rangi, aina ya kitambaa na idadi ya yadi. Kinyago kina urefu, uzito, jina la mtindo, na kila kimoja ni kimoja tu, hakina pacha. Kikiuzwa kimeuzwa.

Swali langu: hii kanzidata (wanasema ndipo mfumo unapohifadhi taarifa zote za duka) wanayogombania inanihusu nini mimi mfanyabiashara, na nikikosea kuchagua kitaniuma wapi?

Kijana wa Chikongola

Naweka kiti hapa mbele kabisa. Wajuvi karibuni.

FundiSeva

Dada, swali la mwisho ndilo zuri kuliko la kwanza. Anza na kitakachokuuma.

Duka lolote la mtandaoni lina sehemu mbili zenye tabia tofauti. Kuna orodha ya bidhaa: picha, maelezo, sifa. Hii inasomwa mara nyingi, inabadilika mara chache, na ikikosewa kidogo hakuna anayelia. Halafu kuna mzigo uliobaki, oda na malipo. Hapa ndipo watu hugombana.

Chukua kinyago chako. Saa mbili usiku mtu wa Dar na mtu wa Dodoma wote wanakitazama. Wote wanabonyeza "nunua" ndani ya sekunde ileile. Mfumo ukisoma "kimebaki 1" kwa wote wawili, halafu ukaendelea kwa wote wawili, umeuza kinyago kimoja mara mbili na pesa umepokea mara mbili. Korosho ukizidisha oda unaweza kwenda kutafuta nyingine mtaani. Kinyago huwezi kumwambia mchongaji arudie uleule mti.

Kinga yake ni kuiambia kanzidata isome na kupunguza kwa pigo moja:

UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 1 WHERE id = 45 AND idadi >= 1;

Yaani: punguza moja kwenye bidhaa namba 45, ila tu kama imebaki angalau moja. Kanzidata ikijibu kwamba mstari mmoja umebadilika, umeuza. Ikijibu sifuri, mwenzio amekuwahi, mwambie mteja pole. Wa pili atasubiri wa kwanza amalize kwa sehemu ndogo ya sekunde, halafu ataikuta sifuri.

Lakini oda haiishii hapo. Inabidi mzigo upungue, oda iandikwe, mistari ya oda iandikwe, na malipo yafungwe na oda hiyo. Vyote vinne vifanyike au kisifanyike hata kimoja. Umeme ukikatika katikati, usikute mzigo umepungua na oda haipo. Hiyo ndiyo inaitwa muamala kwa lugha ya kanzidata, na kanzidata za majedwali zimeusomea kwa muda mrefu. Wazo la majedwali lililetwa na Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, lugha ya SQL ikafuata miaka ya katikati ya 1970. Anayesema imepitwa na wakati amwambie na benki yake.

Kwa hiyo mimi nasimama na fundi wa pili. PostgreSQL, au MariaDB (nayo ni ya majedwali) kama ndiyo anayoijua zaidi.

Rondo77

Mkuu FundiSeva umeongea vizuri ila umemwonea kijana.

Hilo pigo moja la kusoma na kupunguza MongoDB inalifanya pia. Huko kila bidhaa ni waraka wake badala ya mstari wa jedwali, na badiliko ndani ya waraka mmoja ni zima, halikatiki nusu, na sharti la "kama imebaki angalau moja" unaliweka palepale. Na tangu toleo la 4.0 mwaka 2018 ina miamala inayogusa nyaraka nyingi kwa pamoja. Hizi hadithi za "Mongo inapoteza pesa" ni za miaka ya nyuma.

Pili, bidhaa za huyu dada kweli hazifanani. Ukienda kwa majedwali ya kawaida utafanya nini? Jedwali moja lenye safu ya daraja, ya yadi, ya urefu, ya chumvi, nusu ya safu ziko tupu? Au ule mtindo wa jedwali la "jina la sifa" na "thamani ya sifa", ambapo kuonyesha kitenge kimoja tu inabidi ukusanye mistari saba? Nimeona duka moja limejengwa hivyo, ukurasa wa bidhaa unafunguka taratibu mpaka mteja anaenda zake. Kwenye nyaraka kila bidhaa inabeba sifa zake, mwisho wa habari.

Na Amazon? Hao ndio mababa wa duka la mtandaoni, na walijitengenezea Dynamo, kanzidata yao isiyo ya majedwali, kwa sababu majedwali yaliwashinda.

FundiSeva

Rondo77 nakubali nusu ya kwanza bila ubishi. Kuongeza tu: hiyo miamala ya nyaraka nyingi inataka MongoDB iwe imewashwa kama replica set (mpangilio wa seva zinazonakiliana), hata kama ni ya seva moja. Ukiiweka kienyeji kwenye seva ya bei rahisi, miamala hiyo hupati. Muulizeni kijana kama analijua hilo. Akilijibu bila kupepesa macho, basi anaifahamu kazi yake na heshima yangu kwake inapanda.

Kuhusu sifa zisizofanana, hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. PostgreSQL ina aina ya safu inayoitwa jsonb tangu toleo la 9.4 mwaka 2014. Jina, bei na idadi vinakaa kwenye safu za kawaida zenye masharti makali. Sifa za pembeni, daraja, yadi, urefu, zinakaa kwenye safu moja ya jsonb, kila bidhaa na zake, na unaweza kuiwekea faharasa ili utafutaji uwe wa haraka. MySQL, kanzidata nyingine ya majedwali, nayo ina safu ya namna hiyo, JSON, tangu toleo la 5.7. MariaDB ukiandika JSON kwa ndani ni maandishi marefu tu yanayokaguliwa, kwa hiyo hapo PostgreSQL iko mbele.

Amazon sasa. Andiko la Dynamo ni la mwaka 2007, na linazungumzia kikapu cha mnunuzi. Walichotaka ni kikapu kisikatae kamwe kupokea kitu, hata seva nyingine zikiwa zimeanguka. Gharama yake wameiandika wenyewe: nakala mbili za kikapu zikigongana wanaziunganisha, na kitu ulichokwisha kukitoa kikapuni kinaweza kurudi. Kwenye kikapu hilo linavumilika, mteja anakitoa tena. Kwenye mzigo wako wa vinyago halivumiliki. Halafu mwaka 2019 walipozima kanzidata yao ya mwisho ya kampuni ya Oracle upande wa biashara ya rejareja, walihamisha karibu kanzidata 7,500 zenye petabaiti 75 (petabaiti moja ni gigabaiti milioni moja). Nyingine zilikwenda DynamoDB, nyingine Aurora na RDS, ambazo ni za majedwali vilevile. Yaani hata wao hawakuchagua moja.

Na wewe dada una petabaiti ngapi hapo Mtwara? Bidhaa zako zote na oda za miaka mitano zinaingia kwenye flashi.

Kijana wa Chikongola

Petabaiti 75 😂😂 na mimi simu imejaa kwa sababu ya video za magrupu.

Mzee wa Kitangari

Wanangu, nimesoma. Mimi nilikuwa karani wa ghala, nimepokea korosho za wakulima misimu mingi kabla ya hizi kompyuta. Nawauliza jambo moja. Mnasema "idadi imebaki 1, punguza". Je, mkikuta imebaki 3 na dukani mkihesabu ni 2, mtajuaje ilipopotea? Kwenye leja ya ghala hatukuwa tunafuta namba na kuandika nyingine. Kila kilichoingia na kilichotoka kilikuwa na mstari wake, tarehe, aliyepokea, na salio pembeni. Ukifuta na kuandika juu yake, mkaguzi alikuwa anakutazama kwa jicho baya.

FundiSeva

Shikamoo mzee. Hapo umetupiga bao sote.

Anachosema mzee ndicho kinachopaswa kuwemo. Mbali na safu ya idadi, weka jedwali la mienendo ya mzigo: bidhaa, kiasi kilichoongezeka au kupungua, sababu (imeuzwa, imerudishwa, imeharibika, imehesabiwa upya), oda inayohusika, nani kafanya, lini. Mstari wa humo haufutwi wala haurekebishwi. Kukiwa na kosa unaandika mstari wa kulisahihisha. Idadi inayoonekana dukani lazima ilingane na jumla ya mistari hiyo, na vyote viwili vinabadilika ndani ya muamala mmoja. Siku pakiti nane za W320 zikikosekana, utafungua uone zilitoka kwa njia gani.

MpingoMweusi

Mzee wa Kitangari ahsante sana, maana hilo la pakiti kupotea ninalo sasa hivi na sijui ni panya au ni binadamu.

FundiSeva, umesema bei iwe kwenye safu ya kawaida. Bei za korosho hazitulii. Minada ikianza mwezi wa kumi bei inacheza, mwezi wa nne inakuwa kitu kingine. Nikibadilisha bei dukani, oda za zamani zitabadilika?

FundiSeva

Zitabadilika kama aliyejenga hakufikiri. Kwenye mstari wa oda nakili bei ya siku ile, na jina la bidhaa kama lilivyokuwa. Usiishie kuweka "bidhaa namba 45" na kutegemea bei itasomwa kule kwenye bidhaa. Ukifanya hivyo, risiti ya mwezi wa kumi itasoma bei ya mwezi wa nne, na hesabu zako za mwaka zitakuwa hadithi. Ninavyoona, hili linaharibu maduka mengi zaidi ya mjadala wote wa Mongo na Postgres.

Na bei iandikwe kwa namba kamili ya shilingi. Wapo wanaotumia namba za desimali zinazoelea, ambazo kompyuta haiwezi kuzishika sawasawa: ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Shilingi yetu senti hatuzitumii tena, kwa hiyo namba kamili inatosha kabisa. Ukiuza kinyago kwa dola, hifadhi kwa senti za dola, na safu ya pembeni iseme ni sarafu gani.

Mama Ming'oko

Nipo Lindi, nauza ufuta, asali na samaki wakavu. Jamani mnamtisha mwenzenu. Mimi duka langu ni WooCommerce, programu ya duka iliyo tayari inayokaa juu ya WordPress ya kutengenezea tovuti, nalipia hostingi kwa mwaka, na kijana wangu wa chuo ndiye aliyelisimamisha likizo. Sikuulizwa kanzidata gani. Ilikuja na MySQL, tukasonga.

Dada, kabla hujawalipa hao mafundi wawili wakujengee kitu kutoka chini, jiulize kama unahitaji kujengewa. Oda zako kwa wiki si zinahesabika?

FundiSeva

Mama Ming'oko yuko sahihi kuliko mafundi wengi watakavyokubali, kwa sababu ushauri wake unawanyima kazi.

Ukichukua WooCommerce umekwisha kuchagua: ni MySQL au MariaDB, basi. Hizo mbili ni ndugu, MariaDB ilitoka tumboni mwa MySQL mwaka 2009 baada ya habari za Oracle kuinunua Sun, kampuni iliyokuwa na MySQL, na mwanzilishi wao ni yuleyule, Michael Widenius. Tazama mambo mawili tu. Majedwali yawe ya InnoDB na siyo MyISAM (ni namna mbili za MySQL kuhifadhi majedwali), kwa sababu MyISAM haina miamala. InnoDB ndiyo ya kawaida tangu 5.5 lakini kwenye hostingi zilizorithi mambo ya kale usishangae. La pili, WooCommerce ya zamani ilikuwa inatupa oda kwenye majedwali ya makala za WordPress, oda na habari za blogu zinalala kitanda kimoja. Tangu toleo la 8.2, mwezi wa kumi 2023, maduka mapya yanapewa majedwali ya oda yanayojitegemea. Mwambie kijana wako aangalie kama la kwako limehamishwa.

Mama Ming'oko

Ahsante, nimemtumia. Amenijibu "mama hilo nalijua" ambayo kwake ina maana hajui.

Rondo77

😂😂 Huyo kijana tunamfahamu wote.

Sawa, nimepokea hoja ya jsonb. Ila bado nina swali kwa FundiSeva, na siulizi kwa ubishi. Utafutaji. Mteja anaandika "kinyago" na bidhaa imeandikwa "Vinyago vya ujamaa". Anaandika "koroso". Kanzidata ya majedwali itampa nini? Si ndipo watu wanapoleta Elasticsearch, ile mashine maalumu ya utafutaji?

FundiSeva

Swali zuri, na kwetu ni gumu kuliko kwao. Utafutaji wa maandishi ndani ya PostgreSQL unakuja na kamusi za lugha kadhaa, Kiswahili hakimo. Ukiacha mpangilio wa Kiingereza unakata miisho ya maneno, wakati maneno yetu yanabadilika mwanzoni: kinyago, vinyago, kitenge, vitenge. Kwa hiyo mashine inakata kusikohusika.

Kuna nyongeza inaitwa pg_trgm. Yenyewe haijui lugha yoyote. Inalivunja neno vipande vya herufi tatutatu na kulinganisha vipande vingapi vinafanana. "Kinyago" na "vinyago" vipande vingi ni vilevile, "koroso" na "korosho" vinakaribiana. Kwa duka la bidhaa mia mbili tatu hiyo inatosha na kubaki. Elasticsearch ni mashine nzuri lakini inakula RAM, na ni seva ya pili ya kulisha. Iache mpaka duka likue.

Kwa hoja hiyohiyo Redis nayo iache kwanza. Inahifadhi kwenye kumbukumbu ya muda, ina kasi ya ajabu, watu wanaitumia kwa vikapu na kwa kurasa zinazofunguliwa mara kwa mara. Lakini umeme ukikatika, kilichokuwa hakijaandikwa kwenye diski kimekwenda. Kikapu kikipotea si msiba. Malipo usiyaweke humo peke yake.

Kijana wa Chikongola

Nimevumilia sasa na mimi niulize. SQLite vipi? Nimeisikia kwenye somo la programu za simu.

FundiSeva

SQLite usiidharau. Ni faili moja, haina seva, ipo tangu mwaka 2000 na iko ndani ya simu yako sasa hivi. Wenyewe wanasema tovuti yenye ziara chini ya laki moja kwa siku inaimudu, na tovuti yao inaendeshwa nayo. Kikwazo chake ni kwamba anayeandika ni mmoja tu kwa wakati mmoja, wengine wanapanga foleni. Kwa duka dogo foleni hiyo huwezi kuiona kwa macho.

Ningemshauri dada aitumie dukani kwake, kwenye kompyuta ya kaunta. Mnakumbuka mwezi wa tano 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti nchi nzima ikawa ya kuvizia. Mwezi uleule kimbunga Hidaya na mvua zake vikakata barabara ya Dar na Lindi kule Somanga. Mtu wa Mtwara alikuwa hana intaneti na hana barabara. Kaunta inayoandika kwanza kwenye SQLite yake na kutuma kwenye seva mtandao ukirudi, inaendelea kuuza. Lakini hapo kuna mtego: kinyago kilichouzwa kaunta wakati mtandao haupo, bado kinaonekana mtandaoni. Vitu vya kipekee vitengwe. Kilichopo mtandaoni kisiuzwe kaunta bila kukitoa kwanza, na kaunta ikiwa haina mtandao isikiguse.

MpingoMweusi

Hilo la kutenga nimelielewa hata kabla ya kompyuta. Malipo je? Fundi wa kwanza aliniambia mtandao wa simu ukituma taarifa ya malipo, mfumo unaiweka oda "imelipwa". Ni rahisi hivyo?

Rondo77

Hapa nijibu mimi, ni kazi yangu ya kila siku.

Taarifa ya malipo inaweza kuja mara mbili. Upande wao wakituma na wasipate jibu lako kwa wakati, wanatuma tena, na wako sahihi kufanya hivyo. Mfumo wako usipojiandaa, malipo moja yanahesabiwa mawili. Dawa yake ni sharti la upekee kwenye safu ya namba ya muamala wa malipo. Taarifa ya pili ikija na namba ileile, kanzidata yenyewe inaikataa, hata kama aliyeandika msimbo alisahau. Na unapoikataa wajibu tu "tumepokea", la sivyo wataendelea kukutumia.

Hili, nakiri kwa FundiSeva, PostgreSQL na MongoDB zote zinalifanya. Ila kwenye majedwali unaweza pia kusema "malipo hayawezi kuwepo bila oda", kanzidata ikasimamia. Kwenye Mongo hilo ni juu ya msimbo wako. Nimefanya kazi na timu ambayo msimbo ulipita mikononi mwa watu wengi, na malipo yasiyo na mwenyewe tuliyakuta. Si kosa la Mongo, ni kwamba hakukuwa na mlinzi mlangoni.

Mzee wa Kitangari

Sasa mmeelewana, na mimi nimeelewa.

FundiSeva

Rondo77 heshima.

Dada, nikuongezee mambo ya mlinzi na mlango, maana mafundi hawayataji wakati wa kupatana bei. Kanzidata isiachwe wazi kwenye intaneti. Januari 2017 maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizoachwa bila nywila zilifutwa na wahalifu, wakaacha ujumbe wa kudai pesa. Wenyewe walilirekebisha, siku hizi haisikilizi nje ya seva yake mpaka uiruhusu, lakini fundi mvivu anairuhusu ili afanye kazi akiwa nyumbani. Hiyo ni kwa kanzidata yoyote. Nakala rudufu itoke kila usiku na ikae sehemu nyingine, siyo kwenye seva ileile. Na fundi akuonyeshe kwa macho yako akiirudisha kwenye kompyuta nyingine duka likafunguka. Asipoweza, usimmalizie malipo.

Pia utakuwa na majina, simu na anwani za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kuna Tume yake. Unayekusanya taarifa unatakiwa kujisajili, na kuzipeleka nje ya nchi kuna kanuni zake. Seva yako ikiwa Ulaya, hilo linakugusa. Chukua taarifa unazohitaji kupeleka mzigo, tarehe ya kuzaliwa ya mteja wa korosho ya nini?

MpingoMweusi

Wakuu nimeongea na mafundi wote wawili jioni hii. Yule kijana nilimuuliza la replica set, akajibu vizuri, hakupepesa. Nikamuuliza jsonb, akanyamaza, halafu akasema atasoma. Nimempenda. Nimemwambia ajenge kwa PostgreSQL, na yule wa pili nitamlipa siku moja akague majedwali kabla hatujafungua. Mama Ming'oko, nimelifikiria sana la WooCommerce, ila vinyago vya kipekee na kaunta ya hapa vimenifanya niende huku. Nikishindwa utaniona inbox.

Ametuma michoro ya majedwali. Kuna wateja, bidhaa, oda, mistari ya oda, malipo, mienendo ya mzigo, usafirishaji. Bei imenakiliwa kwenye mstari wa oda. Ila mteja anatambulishwa kwa namba yake ya simu, ndiyo "ufunguo mkuu" anasema. Ni sawa? Kwangu inaonekana nzuri, maana mimi mwenyewe wateja nawajua kwa namba.

Rondo77

Hapana, mzuie hapohapo. Mtu anabadili laini, na laini iliyokaa muda bila kutumika mtandao unampa mtu mwingine. Mwaka kesho mwenye namba mpya anafungua duka lako anakuta oda na anwani za mtu asiyemjua. Mtu mmoja pia ana laini mbili, ya kulipia na ya kupigiwa.

FundiSeva

Naunga mkono. Kila mteja apewe namba ya ndani ambayo haibadiliki na haina maana yoyote nje ya mfumo. Namba za simu ziwe jedwali lake la pembeni, mteja mmoja anaweza kuwa nazo kadhaa, kila moja na tarehe iliyothibitishwa. Zihifadhiwe kwa mtindo mmoja, zote zianze na 255, la sivyo 07 na +2557 zitakuwa watu wawili. Na ziwe maandishi, siyo tarakimu za kujumlisha, maana mteja akiandika 07 na wewe ukaiweka kama tarakimu, ile sifuri ya mbele inaliwa.

MpingoMweusi

Nimemtumia. Amejibu "sawa dada, narekebisha usiku huu". Kesho naweka mchoro mpya humu mnikagulie tena.